Ukomo wa bajeti: barabara ya mtaa ilipitishwa, mbona haijengwi?

Kwenye mikutano ya mitaa madai huwa yale yale: barabara, mtaro, kalavati. Mtendaji anaandika, mikono inanyooshwa, hoja inapita. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, masika yanafika, na dimbwi liko palepale. Lawama zote anabebeshwa diwani. Mara nyingi kilichoikwamisha barabara ile ni ukomo wa bajeti.

Ukomo wa bajeti ni kiwango cha juu cha fedha ambacho taasisi ya umma haitakiwi kukivuka inapopanga matumizi ya mwaka. Mtaa hauupangi, kata haiupangi. Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa bajeti, na viwango vya halmashauri vinashuka kupitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mapendekezo nayo yanapanda kutoka chini: mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kamati za kudumu, kisha baraza la madiwani. Pale yanapokutana na ukomo ndipo panga linapopita.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kata kumi na mbili zimeomba barabara za shilingi bilioni 6. Ukomo ni bilioni 1. Wataalamu wanabaki na mambo mawili: kuchagua barabara mbili na kuzimaliza, au kugawa kidogo kidogo ili kila diwani arudi na chochote. Njia ya pili ndiyo inayotuletea zile mita 300 za lami zinazoishia katikati ya mtaa bila mtaro. Mvua mbili tu, kingo zimeliwa. Zilizobaki huweza kupelekwa kama maombi maalumu, yaani nje ya ukomo. Ukisikia barabara yenu iko huko, usiagize kokoto bado.

Kwa barabara kuna jambo jingine ambalo wananchi wengi hawaelezwi. Tangu 2017 barabara za wilaya, zikiwemo za mitaani, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Kwa hiyo diwani anaweza kupigania kipaumbele, lakini mkandarasi anasaini mkataba na wakala. Sehemu kubwa ya fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, unaotunishwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hata dereva wa bodaboda, basi, anachangia kila akijaza tangi. Ila sheria ya mfuko huo inataka angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo na dharura. Ndiyo maana mnaletewa greda kuchonga na kifusi kumwagwa mwaka hadi mwaka, wakati lami haionekani. Lami ni ujenzi, nayo inahitaji fungu lingine.

Fungu hilo huwa mapato ya ndani ya halmashauri (ushuru wa huduma, leseni, masoko), ruzuku ya Serikali Kuu, au mkopo. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwa Dar es Salaam, kazi kubwa zimetegemea mkopo: mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa DMDP, mradi wa kuendeleza jiji hilo, uliojenga barabara na mifereji Ilala, Kinondoni na Temeke.

Majitaka yana mkoba wake kabisa. Mtaro wa maji ya mvua huja na barabara, lakini bomba la majitaka ni la mamlaka ya maji, na kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Aliyeunganishwa hulipia huduma hiyo kwenye ankara ya maji, kwa bei iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Asiyeunganishwa anaita gari la kunyonya na kulipa kwa safari, au, tuseme ukweli, anasubiri mvua kubwa afungulie shimo kwenye mtaro wa jirani. Kwa kuwa mikoba ni miwili na ukomo ni miwili, bomba na lami si lazima viangukie mwaka mmoja. Lami inamwagwa mwaka huu, mwakani inakatwa kupitisha bomba, na kiraka kinachobaki kinatitia. Hili linaniudhi kuliko ucheleweshaji wenyewe, maana kilichokosekana hapo ni kikao kimoja tu cha wahandisi wa pande mbili.

Kwenye mkutano ujao, badala ya kuuliza barabara itajengwa lini, muulizeni mtendaji maswali haya: iko ndani ya ukomo au kwenye maombi maalumu? Ni matengenezo au ujenzi? Fungu ni la nani? Na kama kuna bomba linalokuja, linapita kabla ya lami au baada?