Je, wajua kwa nini picha hutanuka nje na kubanana ndani inapopindwa?

Laza utepe wa karatasi ngumu mezani, kisha jaribu kuupinda ubavu, uwe kama ndizi, bila kuuinua. Haukubali. Ukingo wa nje unataka kuchanika, wa ndani unafanya makunyanzi. Fundi cherehani anayezungushia shingo ya gauni utepe anaijua shida hiyo, ndiyo maana hukata kitambaa mshazari ili kivutike. Kompyuta nayo huvuta na kubana vivyo hivyo, ila kwa kutumia hesabu.

Tuseme una picha ya pindo la khanga, upana pikseli (nukta za rangi zinazounda picha) 1,200 na kimo pikseli 200, na unataka likae kwenye tao la nyuzi 90. Mstari wa katikati ndio unaobaki na urefu wake. Gawanya 1,200 kwa 1.571 (nyuzi 90 kwa rediani, kipimo kingine cha pembe), utapata nusukipenyo cha pikseli 764. Ukingo wa juu uko pikseli 100 nje ya hapo, kwa hiyo urefu wake unafika 1,357. Wa chini unabaki na 1,043. Asilimia 13 kila upande, na jicho halilalamiki.

Lizungushe sasa duara zima. Nusukipenyo kinashuka hadi 191, ukingo wa nje unakuwa 1,828 na wa ndani 572. Ua lile lile la pindo ni pana zaidi ya mara tatu likiwa nje kuliko likiwa ndani! Hakuna kitufe cha kuondoa hilo. Dawa ni kupunguza kimo cha pindo, au kurudia nakshi mara kadhaa ili utepe urefuke kabla ya kuupinda.

ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za kuandika, hufanya kazi hii kwa mstari mmoja:

magick pindo.png -virtual-pixel transparent -distort Arc 90 tao.png

Usiache ile sehemu ya "transparent". Bila hiyo, programu hujaza nafasi tupu kwa kuburura rangi za ukingoni, na tao lako linaota michirizi.

Ndani, programu haisukumi pikseli za picha ya zamani kwenda mahali papya. Ingefanya hivyo, upande wa nje ungejaa matundu, maana pikseli 1,200 haziwezi kujaza nafasi 1,828. Hufanya kinyume: huchukua kila pikseli ya picha mpya, huuliza ilitoka wapi, kisha huchanganya rangi za jirani zake wa huko. Mchanganyo huo hufifisha ukali kidogo kila mara, kwa hiyo ukikosea pembe rudi kwenye picha ya awali; usipinde iliyokwisha kupindwa.

Katika GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, kuna kichujio cha Curve Bend, na hapo wengi hudanganyika. Hicho hakizungushi picha ifuate njia, yaani mstari uliopinda. Hupandisha na kushusha safu wima, kila moja ikibaki imesimama wima. Kwa wimbi la taratibu kama bendera inayopepea, kinatosha kabisa. Mteremko ukifika nyuzi 60, unene wa utepe ukiupima kwa kukatisha njia ni nusu tu ya ule wa mwanzo, na maandishi yanaonekana yamelala.

Inkscape, programu ya kuchora, ina Bend na Pattern Along Path, ambazo hufuata njia kweli, lakini kwa michoro ya vekta tu (iliyoundwa kwa mistari, si kwa pikseli). Ukiweka picha ya kamera, haipindiki. Maandishi nayo yageuze kwanza kuwa njia kwa Shift+Ctrl+C. Umbo likipindika kwa mikunjo isiyo laini, chagua nodi zake zote (vituo vinavyoshika mstari) na ubonyeze Insert mara moja au mbili ili kuongeza nodi katikati. Mstari mrefu wenye nodi mbili tu hauna pa kushikwa.

Kwenye kona kali nakshi hupandana yenyewe kwa yenyewe. Hiyo hutokea nusukipenyo cha kona kikiwa kidogo kuliko nusu ya kimo cha utepe: ukingo wa ndani unakosa mahali pa kupita. Kwa pindo letu la kimo 200, viringisha kila kona ifike angalau pikseli 100, na ukitaka nakshi ya ndani isomeke, anza na 200.