Kuazima siyo maana ya maktaba

"Kumbe hapa siyo maktaba!" Hayo ndiyo majibu ninayopewa kwenye kaunta ya maktaba yetu, hapa Tabora, kila ninapomwambia msomaji kwamba atlasi au kamusi kubwa haitoki nje. Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu mzima, mwanachama mwenye kadi. Nimechoka.

Dhana yenyewe ni kwamba maktaba ni mahali pa kuazima vitabu. Ukweli ni kwamba maktaba ni vitabu vilivyokusanywa, vikapangwa na kutunzwa ili visomwe. Kuazimisha ni huduma mojawapo, na ziko maktaba kubwa zisizompa msomaji wa kawaida hata karatasi. Maktaba ya Bodleian kule Oxford, iliyofunguliwa mwaka 1602, ilimnyima kitabu Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1645. Mfalme, jamani! Akaelezwa kanuni haziruhusu, akanyamaza. Kwenye maktaba ya kanisa kuu la Hereford, Uingereza, vitabu vya kale bado vina minyororo rafuni. Maktaba ya Kongresi, yaani bunge la Marekani, kule Washington, inampa kadi yeyote aliyefikisha miaka 16, lakini anasomea humo humo. Wanaotoka na vitabu ni wabunge na maofisa wachache. Nani ataiambia kwamba siyo maktaba?

Kitabu cha rejea, kama hiyo atlasi au kamusi, hakisomwi mwanzo hadi mwisho. Unatafuta ramani moja, kifungu kimoja cha sheria, basi. Kikilala juu ya kabati la mtu wa hapa mjini, Ipuli, wiki mbili, aliyepanda basi kutoka Sikonge akifuate wapi? Njoo na daftari na penseli. Nasema penseli, wino unachafua kurasa. Na kidole usilambe.

Wengine husema maktaba ni ya wanafunzi. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963 ihudumie umma, na mkulima wa tumbaku naye ni umma.

"Hiki bei gani?" huuliza mwingine. Hatuuzi. Ila huyu simlaumu sana, maana kwa Waarabu hata duka la vitabu huitwa maktaba.

Halafu kuna anayeamini kwamba akishalipia kadi, kitabu kitakaa kwake mpaka akimalize. Tarehe iliyogongwa muhuri ndiyo mwisho. Ukitaka kuongezewa muda, njoo kabla haijafika. Kama hakuna anayekisubiri, nitakugongea nyingine.