Je, wajua kwa nini Berkane walilinyanyua Kombe la Shirikisho kwetu Amaan?

Tarehe 25 Mei 2025 kombe la Afrika lilinyanyuliwa Unguja, na walionyanyua ni RS Berkane wa Morocco. Kwa kawaida Simba wangewapokea Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mvua ziliharibu nyasi za pale, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikakataa, mechi ya pili ya fainali ikavuka bahari. Amaan yetu, iliyofunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa, ilikuwa tayari: mwezi uliotangulia Simba walishawafunga Stellenbosch ya Afrika Kusini 1-0 hapohapo katika nusu fainali.

Wapo wanaolaumu kuhamishwa uwanja. Mimi nasema kombe lilikwenda siku nane kabla, katika mechi ya kwanza kule Berkane, ndani ya robo saa tu: Mamadou Camara dakika ya 8, Oussama Lamlioui dakika ya 14. Mbili bila.

Na hiyo "bila" ndiyo yenye uzito. Katika fainali ya 2024 Berkane waliwafunga Zamalek 2-1 nyumbani, wakaenda Cairo wakalala 1-0. Jumla ikawa 2-2, na kwa sheria ya bao la ugenini, lile bao moja waliloruhusu kwao likawapa Wamisri kombe. Safari hii, chini ya kocha Mtunisia Mouin Chaabani, walifunga yao mawili kisha wakafunga na mlango. Timu iliyoumia vile haisahau, na ulinzi huohuo uliwapa msimu huo ubingwa wa ligi ya Morocco, wa kwanza tangu klabu ianzishwe 1938. Fikiria, nchi yenye vigogo kama Wydad na Raja!

Simba nao walipigana, lazima tuwape haki yao. Joshua Mutale alifunga dakika ya 17 na watu wakaamini kabisa. Mapema kipindi cha pili Yusuph Kagoma akala kadi nyekundu, wakabaki kumi. Hata hivyo Steven Mukwala alitia mpira wavuni, uwanja mzima ukasimama, mwamuzi akaenda kutazama video, bao likafutwa kwa kuotea. Pale ndipo miguu ilipokwisha nguvu. Dakika za nyongeza Soumaïla Sidibé akasawazisha, 1-1, jumla 3-1, na Berkane wakalichukua kombe hilo kwa mara ya tatu, baada ya 2020 na 2022.