Białowieża: msitu unaolishwa na miti iliyokufa

Nikiwaonyesha wenzangu wa fani ya misitu picha za Białowieża, swali la kwanza huwa hili: mbona hawaondoi hayo magogo? Yametapakaa kila mahali. Mengine yamefunikwa na kuvumwani hadi huyatambui, mengine bado yamesimama wima bila jani wala gome. Jibu langu ni kwamba ukiyaondoa, umeondoa msitu wenyewe.

Białowieża uko mpakani mwa Poland na Belarus, kwenye nchi tambarare mbali na bahari. Eneo lililotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia linapita hekta 141,000. Limenusurika shoka kwa karne nyingi kwa sababu wakubwa walilitaka kwa uwindaji: kwanza wafalme wa Poland, baadaye matsari wa Urusi. Watu wa kawaida nao walikuwa na riziki yao humo. Walichonga mizinga ndani ya shina la mti ulio hai, juu sana, wakawa wanapanda kwa kamba kurina asali. Ufundi huo uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020.

Watalii wengi hufuata baisani wa Ulaya, ng'ombe mwitu wakubwa wenye manyoya mengi, na wana haki. Vita Kuu ya Kwanza iliwamaliza. Wa mwisho wa porini katika msitu huu aliuawa mwaka 1919. Walirudishwa kwa kuzalisha waliobaki kwenye bustani za wanyama, na kuanzia 1952 wakaachiwa huru tena. Baisani wote wa Ulaya walio hai leo wametokana na wanyama 12 tu.

Mimi lakini humtafuta mbawakawa mdogo asiyefika hata urefu wa punje ya mchele. Bandua gome la msprusi, mti wa jamii ya misonobari, uliokauka karibuni utaona kazi yake. Dume hutoboa tundu la kuingilia na kuchimba kijichumba; majike huchimba njia zinazopanda na kushuka kufuata urefu wa shina, wakitaga mayai kando kando. Mabuu yakianguliwa, kila moja huchimba njia yake kwenda pembeni. Njia hizo zikijaa, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena, na mti hufa. Msprusi wenye maji ya kutosha humzamisha mdudu huyu kwa utomvu. Wakati wa ukame hauwezi.

Hapo ndipo kigong'ota wa vidole vitatu anapopata karamu, kwa kuwa chakula chake kikuu ni mbawakawa wa namna hiyo na mabuu yao. Kuvu nao huingia, mbao hulainika, na mti ukianguka miche ya misprusi huota juu ya gogo, imejipanga mstari mmoja.

Mwaka 2016 serikali ya Poland iliongeza kiwango cha ukataji, ikisema inauokoa msitu na mbawakawa. Mashine kubwa zikaingia. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamuru kazi isimame mwaka 2017, na Aprili 2018 ikaamua kwamba Poland ilivunja sheria. Naiunga mkono hukumu hiyo kwa moyo wote: kukata miti iliyokwisha kufa hakumzuii mdudu ambaye tayari amehama, ila humnyima ndege chakula na miche kitanda.

Kinachoniuma sasa ni mpaka. Baisani wa pande mbili walitenganishwa na uzio wa Kisovieti tangu 1981. Mwaka 2022 Poland ikajenga ukuta wa chuma wenye kimo cha mita 5.5, ukipita katikati ya msitu. Linksi, paka mwitu wakubwa wa msitu huu, ni wachache na wanahitaji kuchanganya damu na wenzao wa upande wa pili. Kama ukuta utabaki, basi wanyama wakubwa wapewe mapito, na mapito hayo yawe wazi.