Hewa ya Dodoma si ile inayoonyeshwa na simu

Swali ni lile lile kila mtu anapojiandaa kwa mashindano yake ya kwanza ya kupiga shabaha kwa bunduki kwa masafa marefu: "Simu inasema mgandamizo wa hewa wa Dodoma leo ni hektopaskali 1015, nimeuingiza kwenye programu ya kukokotoa njia ya risasi, mbona risasi zote za mita 800 zinapita juu ya bamba la shabaha?" Halafu anailaumu darubini. Darubini haina kosa. Ile 1015 siyo hewa iliyopo pale ulipolala na bunduki.

Watu wa hali ya hewa huurekebisha mgandamizo hadi usawa wa bahari ili Dodoma na Tanga zilinganishwe kwenye ramani moja. Kwa kazi yao ni sahihi. Lakini Dodoma mjini iko kama mita 1,120 juu ya bahari, na mgandamizo halisi wa pale ni takriban hektopaskali 885 hadi 890. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo haiizuii risasi sana kama ya pwani, nayo risasi haishuki sana kama kule. Ukiiambia programu 1015, inakupa mili za pwani (mili ni kipimo cha pembe cha kurekebishia darubini). Kwa risasi ya bunduki ya kaliba .308 yenye uzito wa grein 175 inayotoka mtutuni kwa mita 790 kwa sekunde, kosa la mita 800 ni karibu nusu mili, yaani sentimita 40 hivi. Bamba la kimo hicho ukililenga katikati, risasi inalipita juu.

Njia ni mbili, chagua moja. Ama uingize mgandamizo halisi wa mahali ulipo na uitaarifu programu kwamba ndio halisi, ama uingize ule wa usawa wa bahari pamoja na mwinuko, ipunguze yenyewe. Ukiingiza 887 halisi huku umeacha urekebishaji wa mwinuko umewashwa, inakata mara mbili, na sasa unapiga chini. Kipima upepo cha mkononi nacho kikague: mwinuko wake wa rejea ukiwa 0, kinakupa mgandamizo halisi. Unyevu wa hewa usikusumbue kabisa, athari yake ni ndogo mno.

Kinachoniudhi hasa ni dawa ambayo watu hujitibia wenyewe. Anaona anapiga juu kwenye mita 800, basi anaongeza mwendo wa risasi ndani ya programu hadi namba zikubaliane na bamba, kisha anatangaza kuwa jedwali lake la mili za kila umbali limekaa sawa. Limekaa sawa kwa bamba moja tu! Mwendo na hewa haviharibu kwa namna moja. Kosa la hewa hukua kwa kasi kadiri umbali unavyoongezeka, ilhali mwendo wa uongo hugusa hata masafa ya kati. Matokeo yake, mita 400 atapiga chini kidogo, mita 1,000 atapiga juu, na mashindano yana mabamba ya umbali wote huo. Akirudi pwani, jedwali lote linavurugika na hajui aanzie wapi. Pima mwendo kwa kronografu (kifaa cha kupimia kasi ya risasi), walau risasi 10, uuache kama ulivyo. Rekebisha hewa kwanza. Kikibaki kitu baada ya hapo ndipo uguse mwendo, na uuguse kidogo.

Ziro ya mita 100 (darubini kupangwa ili risasi ipige pale pale unapolenga) uliyoiweka Dar haihamishwi na mwinuko kiasi cha kuonekana. Ikiwa imehama, kagua skrubu za pete za darubini, maana safari imezitikisa.

Joto ndilo linalosahaulika. Asubuhi ya Julai nyuzi 15, mchana 28: hapo hewa imepungua uzito kwa zaidi ya asilimia 4, kwa hiyo jedwali la saa mbili asubuhi halifai saa nane mchana. Risasi zisiachwe juani. Baruti iliyopata joto huongeza mwendo wa risasi.

Upepo una ugumu wake. Mita 4 kwa sekunde kutoka pembeni huisukuma ile .308 karibu mita moja na nusu kwenye mita 800. Vitabu hukuambia upepo wa karibu na mpigaji ndio wenye uzito zaidi, na kwa hesabu ni kweli. Kiwanjani mimi naliamini hilo nusu nusu, maana kipima kinasoma upepo wa pale uliposimama, na mara nyingi hapo umekingwa na kichaka huku mbele kuko wazi. Tazama nyasi za katikati ya njia, tazama mazigazi (hewa ya joto inayocheza kama mawimbi) kwenye darubini, na kisulisuli kikipita subiri kama muda unaruhusu. Vituo vingi vya kupigia kwenye mashindano vinakupa sekunde 90 hadi 120 kwa risasi 8 hadi 10, kwa hiyo subira ina kikomo.

Vifaa: leseni ya silaha, bendera ya chemba (ya kuonyesha kuwa bunduki haina risasi), kinga ya masikio na macho, mfuko mmoja wa mchanga, magazini mbili, risasi za ziada asilimia 20. Bolti ifutwe mafuta hadi ubaki utando tu, maana vumbi jekundu la huku likishikana na mafuta linakuwa kama msasa. Kwenye kitako cha bunduki bandika utepe, uandike kwa penseli mgandamizo, joto na saa ulipovipima, na uvipime tena kabla ya kituo cha kwanza cha mchana.