Niletee laptopu ikiwa tupu

Kubadilisha kioo, kibodi au betri hakuhitaji picha za harusi yako wala mafaili ya ofisini. Ndiyo maana wateja wangu nawaomba walete laptopu tupu. Nikitaka kuijaribu, akaunti mpya isiyo na kitu inanitosha.

Ila usifute kabla ya kuhakiki bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako. Chomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, fungua picha mbili tatu, fungua na ile tasnifu. Nimeona watu wakilia dukani: walinakili njia za mkato tu, mafaili yenyewe yakabaki kwenye mashine waliyoifuta.

Na kumwaga pipa la taka si kufuta. Kwenye diski za kuzunguka, data hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuokoa mafaili huipata. Kwenye Windows 10 na 11, nenda kwenye mipangilio ya urejeshaji, chagua kuweka upya na kuondoa kila kitu, kisha washa chaguo la kusafisha data. Huweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo chaji iwe imechomekwa. Mac zenye chipu ya T2 au M1 na kuendelea, zikiwa na macOS Monterey ya 2021 au mpya zaidi, humaliza kufuta upesi, kwa sababu kinachoharibiwa ni ufunguo wa usimbaji, yaani wa kuifumba data isisomeke na mwingine. Data bila ufunguo huo haisomeki.

Laptopu isiyowaka ina shida yake. Kama diski inatoka, mwambie fundi aitoe mbele yako, ukae nayo nyumbani. Kisha kuna BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski: laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski bila mwenyewe kujua, na ufunguo umefungamana na TPM, chipu ya usalama iliyo kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta). Madabodi ikibadilishwa, skrini itadai tarakimu 48 za ufunguo wa akiba. Mara nyingi zimo kwenye akaunti yako ya Microsoft. Zitafute kwa simu na uziandike kwenye karatasi mapema. Bila hizo, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Nairobi atakayeifungua diski hiyo.

Mashine ikirudi, itumie tupu kwanza siku chache. Jaribu kamera, spika, Wi-Fi, chaji na kila tundu la USB, maana ikibidi irudi kwangu, itakuwa bado haina siri yako. Ikitulia, rudisha mafaili, na bakapu iache ilivyo mpaka uwe umefungua kila folda unayoitegemea.