Nimonia inayorudi rudi na moshi wa kuni

Kila mvua zikishika hapa Tabora najua watoto wa kifua wataongezeka, kuni zimelowa, kupika kumehamia ndani, maharage yanachemka masaa na mtoto yuko mgongoni anavuta moshi uleule wa mama yake. Afu naambiwa daktari nimonia imemrudia na dozi alimaliza. Mi naanza kuuliza mnapikia nini na wapi, wengi wananishangaa.

Wengi wanajua moshi unawasha koo, ukikohoa basi. Sio hivyo bwana. Vumbi kubwa linanaswa puani na kwenye ute, na kwenye njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo vinapiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde kuusukuma ute juu uuteme au uumeze. Ishu ni lile vumbi laini, chini ya maikromita 2.5, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hilo mara 20 na zaidi, linapita mpaka kwenye vifuko vya hewa kule mwisho, na moshi huohuo unavichosha vile vinyweleo, kwahiyo hata usafi wa huku juu unazorota.

Kule chini vinyweleo hakuna. Mlinzi wa pale ni seli inaitwa makrofeji, inameza bakteria, inameza vumbi, inameza hata seli zilizokufa (aliyegundua seli za namna hii zinavyomeza, Metchnikoff, alipewa Nobel 1908). Bakteria akishamezwa anamwagiwa kemikali kali humohumo ndani anakufa. Sasa masizi, yaani lile vumbi laini la moshi, hayayeyuki. Yanabaki kwenye seli siku baada ya siku mpaka inakuwa kama mtu aliyeshiba ugali afu unamsogezea sahani nyingine. Tena kuna vipokezi ambavyo makrofeji inatumia kushikia masizi na hivyohivyo ndo inashikia bakteria.

Majirani zetu Malawi walilipima hili, wakachukua makrofeji kwenye mapafu ya watu wazima wasiovuta sigara wanaoishi na moshi wa majumbani, utafiti ukatoka 2015: seli zilizobeba masizi mengi, ile kemikali ya kuulia ilikuwa dhaifu. Na bakteria nao hawakai kimya. Chuo cha Leicester Uingereza walionyesha 2017 kwamba masizi yanambadilisha nyumokokasi, yule anayeleta nimonia nyingi, na kwenye panya yalimsaidia kutoka puani kushuka mapafuni. Yaani mlinzi kachoka na mwizi kapewa njia.

Hapa sasa wenzangu wengi tunabishana. Mtu akiniuzia jiko banifu kama kinga ya nimonia namwambia taratibu kwanza, maana hukohuko Malawi waliwafuatilia watoto zaidi ya 10,000, majibu yakatoka 2016, majiko bora hayakupunguza nimonia. Hata gesi, kwenye utafiti uliohusisha Rwanda, majibu ya 2024, nimonia kali ya watoto wachanga haikushuka vya kueleweka. Mi sisemi moshi hauna kosa, nasema kupunguza moshi kwenye jiko moja wakati jirani anachoma taka na hewa ya mtaa mzima ni ileile, pengine makrofeji haipati nafuu ya kutosha. Gesi ukiimudu nunua, macho na kifua cha mama vitashukuru, ila usiache mengine.

Mengine ni haya, chanjo ya nyumokokasi ipo bure toka 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, usiruke hata moja. Kuni zianikwe zikauke, mtoto abaki na dada yake nje wakati wa kupika, na ndugu zangu wa Urambo na Kaliua mnaochochea moto wa bani, zile nyumba za kukaushia tumbaku, usiku kucha, msilale na watoto pale mdomoni pa tanuri. Na mtoto akihema mbiombio au mbavu zinabonyea kwa ndani, twende kituoni siku hiyohiyo, vidonge vilivyobaki vya mwezi uliopita achana navyo.